Fedha Zetu Ziko kwa Lucinda

Mpendwa Shangazi Verbena,

Pole na kazi ya kusoma mashaka yetu kila wiki. Mimi ni mama wa makamo, mpishi wa shule hapa Pine Bluff, na naomba unisaidie upesi kwa sababu mume wangu analala kwa mama yake, mimi sina meno ya mbele, na Pasaka imekaribia.

Nianzie kwenye meno ndipo utanielewa. Meno yangu ya juu yamenitesa miaka mingi, daktari akasema ya mbele yang'olewe yote niwekewe ya bandia, bima ikakubali kulipia kung'oa lakini si kuweka, basi mimi na mume wangu Lavell tukaafikiana kwamba marejesho ya kodi ya mwaka huu, zile fedha ambazo serikali huturudishia, yataingia yote mdomoni mwangu, na kwa kuwa kila mwaka huja haraka nikaona nisingoje, nikang'olewa mapema ili fizi zipate kupona, maana mimi ndiye ninayeanzisha wimbo mkuu wa kwaya asubuhi ya Pasaka na sikutaka aanzishe Delphine, ambaye sauti yake ni kama mlango wa ghala.

Tukaenda kwa kijana mmoja anayejazia watu fomu za kodi, ana ofisi ubavuni mwa duka la mashine za kufulia, akatujazia vizuri tu, mwishoni akauliza kama ada yake tutailipa palepale au aikate kwenye marejesho, Lavell akaniangalia, nami nikamwangalia, tukasema ikatwe, akatugeuzia kompyuta yake ya mkononi tukaweka sahihi kwa kidole mara nyingi kama watu wanaofuta vumbi. Nikarudi nyumbani, nikawa nakunywa supu na kusubiri.

Kila asubuhi nilifungua ukurasa wa idara ya kodi kwenye simu, mara wamepokea, mara wameidhinisha, hatimaye siku moja ukasema fedha zimetumwa, nikakimbilia kuangalia benki, hakuna kitu, kesho yake hakuna kitu, wiki ikakatika, nikapiga simu idara ya kodi nikasikilizishwa muziki mpaka supu ikapoa, ndipo mama mmoja mpole akaniambia, "Kwetu zimetoka, bibi, na zimeshaingia kwenye akaunti," akanitajia tarakimu za mwisho za hiyo akaunti, na hizo tarakimu, Shangazi, si za akaunti yetu.

Lavell aliporudi kutoka kiwanda cha karatasi alinikuta nimekaa mezani, sijapika. Nikamwambia, "Lavell, thema ukweli. Hela thiko wapi?"

Akavua kofia, akaenda kufungua friji. "Labda bado ziko kwa Lucinda," akasema.

"Luthinda ni nani?"

"Mimi simjui vizuri. Nilimsikia yule kijana akisema hela zinapitia kwa Lucinda kwanza, anachukua chake, zinazobaki ndiyo zinakuja kwetu. Nilidhani na wewe ulisikia."

Hebu niambie, Shangazi, kama kuna mwanamume aliyewahi kumwambia mkewe wa ndoa maneno kama hayo huku anatafuta haradali. Katika mji huu Lucinda ninayemjua ni mmoja tu, Lucinda Pettway, mjane aliyeumbika akaumbika tena, anayekaanga kambare kwenye gari lake la chakula karibu na kituo cha mafuta, na Lavell hununua kwake kila Ijumaa, na kila Ijumaa huongezewa kipande cha bure, jambo ambalo miaka yote nimeliita ukarimu. Lavell akasema twende kesho tukamuulize yule kijana wa kodi, nikamwambia kijana ataulizwa nini na wewe umeshakiri, nikamtolea buti zake barazani. Akaenda kwa mama yake.

Mama mkwe akanipigia jioni ileile. "Mwanangu huyu hawezi kuficha hela," akasema. "Zawadi za Krismasi tu huwa anakuonyesha kabla ya sikukuu kwa sababu zinamuwasha. Njoo umchukue, anamaliza mayai yangu." Nikamwambia mama kuzaa si kuchungulia moyo. Tangu hapo simu yangu sipokei ya mtu yeyote, aibu ya kusikika ninavyosema inanitosha.

Ijumaa nikajifunga leso mdomoni, nikaenda kwenye gari la kambare, foleni ilikuwa ndefu lakini sikupanga foleni, nikasimama dirishani nikasema mbele ya watu, "Luthinda, nipe hela tha mume wangu."

Yeye akaacha kugeuza samaki. "Hela za mumeo zipi, dada? Mumeo ndiye ninayemdai mimi. Wiki iliyopita alichukua viazi akasema atalipa, hajalipa."

Nikamwambia asijifanye, yeye na Lavell nawajua. Watu wote wakasogea karibu, hata kambare niliona kama wamegeuka kusikiliza. Lucinda akafuta mikono yake kwenye aproni taratibu. "Sikiliza, mama," akasema. "Mimi mambo ya wanaume nilishayazika pamoja na marehemu. Nimebaki na kambare, na kambare hakoromi." Foleni nzima ikacheka, na mmoja wa waliocheka alikuwa Delphine.

Nikalipa hela ya viazi, sijui hata kwa nini, nikaondoka. Sasa sijui nimwamini nani, fedha hazionekani, Lavell haonekani, meno hayaonekani. Je, nidai talaka, nibadilishe kufuli, au niende mahakamani kudai hiyo akaunti? Niambie la kufanya, Shangazi, hata likiwa chungu nitalimeza, kutafuna ndiyo siwezi.

Kibogoyo wa Kwaya,
Pine Bluff, Arkansas

*

Kibogoyo mpenzi,

Pole ya fizi. Meno yangu ya chini ni ya bandia, kwa hiyo najua unaongea nini. Majina nimeyaacha kama ulivyoyaandika, kwa kuwa nusu ya mji ilikuwa kwenye foleni.

Sasa nisikilize. Mumeo hana akaunti ya siri na huyo Lucinda aliyemtaja si mwanamke. Ni kampuni yenye jina hilo. Siku mliposema ada ikatwe kwenye marejesho, mlikubali fedha zenu zipite kwa mtu wa kati, yaani kampuni hiyo. Yeye hufungua akaunti ya muda kwa jina lenu, serikali inatumbukiza humo, kijana anakatiwa ada yake, kampuni nayo inakata yake, kisha mnaletewa kilichobaki. Zile tarakimu ulizotajiwa ni za akaunti hiyo. Serikali ikisema imetuma, inasema kweli, ila huko zilikokwenda yenyewe haifuatilii. Kufuatilia ni kazi yako, na unafuatilia kwa yule wa kati. Wewe uliruka kompyuta ukaenda kuuliza kwenye kikaango.

Kwa kuwa Pasaka haingoji gazeti, nilikupigia simu. Ulikataa kupokea mpaka nilipokutumia ujumbe kwamba ni mimi. Nikakuambia umwite mumeo, akaja bado amevaa soksi za mama yake, na nilimsikia akilalamika pembeni, "Shangazi, nilimwambia. Nilimtajia kabisa Lucinda."

Nikamjibu, na leo namjibu tena mbele ya wasomaji: Lavell, ulitaja jina la kike kwa mke asiye na meno wala fedha, ukaendelea kutafuta haradali. Neno "kampuni" lingekugharimu nini? Na wewe pia uliweka sahihi bila kusoma, usijifanye malaika wa soksi.

Mkatafuta karatasi mlizopewa na kijana, jina la kampuni likawa chini kabisa ya ukurasa wa mwisho pamoja na anwani ya tovuti yake. Mkaingiza namba ya hifadhi ya jamii, hali ya ndoa, na kiasi mlichotarajia. Hapo kwenye hali ya ndoa uliuliza uweke nini, Lavell akasema kwa sauti ndogo, "Weka tumeoana." Ukaweka. Jibu likaja palepale: ada zimekatwa, hundi imeshachapishwa ofisini kwa kijana wa kodi, inasubiri mwenyewe. Ilikuwa kwenye droo yake wiki nzima. Kijana alipopatikana alisema amewapigia simu mpaka kidole kimemuuma, na namba aliyopewa ilikuwa yako.

Haya, hundi mmeichukua. Yaliyobaki fanya hivi. Mwakani lipa ada ya kujaziwa fomu kwa mkono wako, hata ikibidi uanze kuweka akiba leo, fedha zije moja kwa moja kwenye akaunti yenu na msipoteze kidogo kwa kila mlango zinaopitia. Ukiona tarakimu usizozijua, uliza kwanza aliyejaza fomu, talaka iwe baadaye.

Kwa Lucinda Pettway nenda Ijumaa, saa ya foleni ndefu, umwombe radhi kwa sauti ileile uliyomshitakia. Usiende saa ya alasiri ambayo hakuna watu. Na kile kipande cha bure nimemuuliza mwenyewe: anampa kila mfanyakazi wa kiwanda, maana marehemu mumewe alifanya kazi humo.

Daktari amekuambia meno hayatakuwa tayari mpaka baada ya Pasaka. Imba hivyohivyo. Mwombe mwalimu wa kwaya akupe ubeti wenye "s" chache, Delphine achukue mwingine. Kanisa lenu si dogo kiasi hicho.

La mwisho, na hili lifanye leo kabla hujakunja gazeti. Mwombe mumeo msamaha sasa, ukiwa bado kibogoyo. Nakujua kwa barua moja tu, lakini nakujua: ukisubiri meno, utaanza kutoa hoja.

Shangazi Verbena