Mstari wa Miti Katika Bustani ya Karuba

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa katika kituo cha polisi, Karuba, Ijumaa tarehe 13 Septemba 2019, kuanzia saa tatu asubuhi.

Jina: Umurerwa Drocella. Umri: miaka 38. Kazi: kuuza jibini na chai kwenye lango la bustani ya watu wote. Makazi: Karuba, mtaa wa juu. Ni mke wa Polycarpe, anayeshikiliwa hapa kituoni kwa kumpiga Isidore, msimamizi wa bustani. Anasema kwa hiari yake:

Nimeambiwa nikae, lakini naomba niseme nikiwa nimesimama. Tangu juzi siwezi kukaa mahali pamoja. Andika upesi, Komanda, maana keshokutwa ni Jumapili, na Jumapili hiyo inanitisha kuliko kesi yenyewe.

Bustani ile ilikuwa malisho ya baba mkwe wangu, marehemu Nizeyimana. Kabla hajafa aliwapa watu wote wa Karuba, kwa mdomo wake, watu wakisikia, ili watoto waache kuchezea barabarani. Upande mmoja kuna bembea na viti vya mbao. Upande wa pili kuna kiwanja cha mpira. Jumapili hata wageni kutoka Goma hupanda huku kupumzika, wakala jibini yangu na kupiga picha vilima. Watu wa mtaa wa juu na wa mtaa wa chini hawapatani kirahisi, sina haja ya kukuficha, lakini pale wanakaa kwenye kiti kimoja na kubishana juu ya mpira tu. Mume wangu anaipenda bustani hiyo kuliko ng'ombe zake. Watakaokuambia kwamba alitaka irudi kwake wanasema uongo.

Isidore alitoka Walikale mwaka jana. Komite ya bustani ilimweka kusimamia. Ni kijana mpole, anakunywa chai kwangu kila asubuhi na kunitania kwamba sukari naipima kama dawa. Mnamo tarehe 5 mwezi huu, mpira uliruka kutoka kiwanjani ukampiga binti yangu Mamy akiwa kwenye bembea. Alianguka, midomo ikapasuka. Isidore ndiye aliyembeba mpaka nyumbani. Aliniambia, "Mama Mamy, nitatafuta namna ya kuzuia ile mupira." Nilimshukuru, sikuuliza namna gani.

Jumanne tarehe 10 sikuwa bustanini, nilikwenda Mushaki kuchukua jibini. Jumatano tarehe 11, saa moja asubuhi, nilifika kufungua kibanda changu. Nikaona mstari wa miti michanga yenye majani marefu, imepandwa kutoka uzio wa juu mpaka karibu na kijito kilicho chini, katikati kabisa ya bustani. Bembea zimebaki huku, kiwanja kule. Udongo bado ulikuwa mbichi.

Wewe Komanda umezaliwa Nyabiondo, unajua mti ule. Lakini kwa vile karatasi hii itasomwa na wengine, andika: huku kwetu mti ule ni wa mpaka. Ukipandwa mstari, maana yake shamba limegawanywa, kila mtu na sehemu yake. Huuruki, unauzunguka. Huung'oi hata ukiwa na hasira kiasi gani, ila yule aliyeupanda ndiye anaweza kuung'oa, mchana, watu wakimwona.

Nilifikiri komite imeuza nusu. Isidore hakuwepo. Ningemngoja kidogo tu angefika, kwa sababu huwa hachelewi chai yake. Sikungoja. Nilimpigia mume wangu simu, akiwa na ng'ombe, nikamwambia, "Banagawa kiwanja ya baba yako. Miti ya mupaka inasimama hapa, kuya mbio!" Hayo ni maneno yangu. Hajayasema kwako kwa sababu ananilinda, nami sitaki kulindwa hivyo.

Alifika anahema, na fimbo yake ya kuchungia mkononi. Wakati huohuo Isidore akaingia kwa lango na ndoo ya maji. Alikuja kuimwagilia.

Mume wangu akauliza, "Nani alipanda hii miti?"

Isidore akacheka kwa furaha. "Njo mimi, Papa! Unaona vile iko mizuri?"

"Nani alikutuma?"

"Hakuna muntu. Niliwaza mimi mwenyewe."

Kile kicheko ndicho kilichoharibu kila kitu. Mume wangu alimpiga kwa fimbo mara mbili, na mara ya pili mkono ulivunjika, nilisikia. Sitasema kwamba Isidore aliteleza, ingawa shemeji zangu wamenisihi niseme hivyo. Alipiga magoti, maji ya ndoo yakamwagika, akasema, "Papa Polycarpe, ni juu ya mupira. Ni juu ya Mamy. Kwetu hii tunapandaka mbele ya nyumba, iko maua tu."

Fimbo ilianguka yenyewe. Mume wangu alimvua Isidore shati, akamfungia mkono kwa kitambaa changu cha kichwa, akampeleka kwenye zahanati kwa pikipiki. Kisha akaja mwenyewe hapa kwenu.

Tulidhani mambo yameisha. Lakini wakati huo watu walikuwa wamejaa. Wa mtaa wa juu walisimama upande wa bembea, wa mtaa wa chini upande wa kiwanja, na hakuna aliyewapanga hivyo. Niliwaeleza kwamba ni maua, ni makosa, kijana hakujua. Mama Uwizeye wa mtaa wa chini akanijibu, "Tumesikia, dada. Lakini muti umekwisha kupandwa." Jana mchana watoto wa juu walibembea peke yao. Wa chini walicheza mpira peke yao, na mpira ulipovuka, haukurudishwa. Jioni Mamy aliniuliza, "Mama, sisi tuko ba upande gani?" Nilimfokea, halafu nikalia kwa aibu.

Nilijaribu kuing'oa miti ile. Leo alfajiri nilishika shina la kwanza na mkono ulikataa. Nimekasirika na mkono wangu, lakini ndivyo ilivyo.

Jumapili wageni watakuja na watu wote watakuwepo. Wakikaa siku nzima wamegawanyika, wataona inawezekana, na zawadi ya baba mkwe wangu itakuwa imekwisha. Isidore amekubali kuja kesho Jumamosi, ana plasta mkono wa kulia. Namwomba mkuu wa kituo amtoe mume wangu kwa saa chache, na polisi pembeni. Isidore avute kwa mkono wa kushoto, mume wangu amsaidie kwa mikono yake miwili, mti mmoja baada ya mwingine, watu wote wakiona. Kisha mrudisheni ndani, afungwe kwa fimbo aliyopiga. Mimi nitamletea chakula.

Nimesomewa niliyoyasema nikiwa bado nimesimama, na ni maneno yangu. Haya ndiyo maelezo yangu.

Sahihi: Umurerwa Drocella

Maandishi ya ofisa: Mimi, Symphorien, niliyeandika maelezo haya, nilikwenda bustanini saa tano kuona mahali. Mstari upo kama alivyosema shahidi, na miti imeanza kushika udongo. Nilikagua upande wa bembea kwanza. Ili kufika kiwanjani ilinipasa kuvuka miti isiyonifika magotini. Nilikuwa peke yangu, na ninajua kwamba ni maua. Nilishuka hadi kijitoni, nikazunguka. Kwa hiyo naomba mkuu wa kituo akubali mshukiwa atolewe kesho asubuhi.