Maji ya Mwanamke wa Kitabuni

Kijiji cha Ujamaa Mitengo,
S.L.P. 40,
Newala.
22 Septemba 1974

Mpendwa mdogo wangu Claudia,

Marahaba. Shikamoo yako ya mwezi wa saba ilinifika salama, na nimekaa nayo muda mrefu bila kuijibu. Hujambo? Kifua kimepona? Vumbi la huko kwenye reli si kama letu, kwa hiyo usilichezee. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti. Mama anakohoa asubuhi, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote.

Mizinga ya ng'ambo ya Ruvuma imenyamaza tangu mwanzo wa mwezi huu. Wanasema vita vimekwisha. Tulikuwa tumezoea kuisikia mchana tukipalilia, na sasa ukimya umekuwa mzito kiasi kwamba kuku wakipiga kelele watu wanashtuka. Mikorosho imechanua vizuri. Bomba la maji limekatika tena, na tumerudi kushuka mteremkoni kama enzi zetu.

Operesheni ya vijiji imetupanga kwa mistari, nyumba kwa nyumba. Hili sikukuandikia mapema, nisamehe. Pancras, yule uliyekuwa mke wake, amepewa kiwanja cha tatu kutoka kwangu. Asubuhi akitoka kufagia uwanja wake ananiamkia vizuri, nami naitikia. Hanywi tena. Watu wanamhurumia kwa ujane wake.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Kitabu chako kilifika mwezi wa tano, na jina lile ulilojipachika limeandikwa kwa herufi nzuri. Nilikisoma siku mbili, nikalia, nikacheka, nikalia tena. Halafu kiburi kikanishika. Darasa langu la kisomo cha watu wazima lilikuwa limemaliza vitabu vya kwanza, vya pili havijaletwa, na mimi nilikuwa na hadithi ya mdogo wangu sandukuni. Nikaanza kuwasomea Jumatano na Ijumaa, jioni watu wakitoka shambani. Hakuna aliyejua ni ya nani. Ndivyo nilivyojidanganya.

Ungewaona. Ulipoandika mwanamke anavyopigwa, walisikiliza wameinamisha vichwa kama watu wanaosomewa bei za mazao. Lakini tulipofika pale mume anapoumwaga mtungi mlangoni na kumrudisha mkewe kisimani, mara tatu kwa siku moja, darasa zima lilisimama. Bibi Stamili, mwenye wajukuu kumi na mmoja, alifunika uso kwa kanga. Alisema, "Kupiga tumekuona. Lakini maji ya mteremkoni, mwanangu, maji ya kupanda nayo? Huyo si mtu." Justa, yule mnene anayeuza maandazi, alitaka kujua mwanamke huyo anaishi kijiji gani ili ampelekee ndoo. Nikamwambia ni hadithi tu. Alinitazama kama mtu aliyemshika mwenzake akidanganya.

January, katibu wa kijiji, alikuja siku moja kukagua. Akauliza, mwanamke akishakimbia, mume atapikiwa na nani? Wanawake walicheka mpaka akasahau kukagua.

Kicheko hicho hakikudumu. Ulipoandika ndoo na kata vimeachwa kwenye kona ya mteremko na kitambaa kimechanika kwenye miiba, Bibi Stamili aliniuliza mbele ya wote kama hivyo sivyo alivyopotea mdogo wangu, yule aliyechukuliwa na chui. Unakumbuka ni mimi niliyekichana kitambaa kile kwa mikono yangu. Nikasema vitu hufanana. Tangu siku hiyo wanaamini kitabu kimeandikwa na marehemu.

Usicheke. Wanasema wewe ni mmoja wa mahoka sasa, wafu wetu, na umeona huna pa kusemea ila kwa karatasi. Na kwa kuwa kitabuni bado uko njiani, na una kiu, wameanza kukuwekea maji. Kwenye kona ileile, kila siku ya darasa, kibuyu kimoja na unga kidogo kwenye jani. Unajua tone la maji lina thamani gani hapa Septemba. Wanawake ambao hawamgawii jirani maji ya kunawa wanakupa wewe kibuyu kizima. Na kila asubuhi kibuyu ni kitupu, na unga umekaa vilevile.

Pancras alijiunga na darasa mwezi wa sita. Alikuwa hajui hata a. Aliketi mbele, miguu pamoja, kofia mapajani. Akishika karatasi hufuata maneno kwa kipande cha mkaa, na chini ya kila neno alilolishinda huacha kinukta. Sijapata mwanafunzi mwenye bidii namna hiyo, na sijapata kumwogopa mtu namna hiyo. Siku ya mtungi uliomwagwa, watu wote wamesimama, yeye alibaki ameketi. Akaomba kwa adabu nirudie ukurasa ule.

Wiki tatu zilizopita nilidamka kwenda maji. Kulikuwa kumeanza kupambazuka, ukungu umejaa bondeni. Kwenye kona nikamkuta ameketi karibu na kibuyu, amenyoa ndevu, amevaa shati lake la kanisani. Alikuwa anamimina maji chini, polepole, mpaka tone la mwisho, na midomo inacheza kama anayesoma. Aliponiona aliinuka na kuniamkia. Kisha akasema, "Shemeji, bado hajapita."

Sijui alikuwa anakusubiri au anakuomba radhi. Nimelifikiria hadi kichwa kinauma. Unga hakuugusa, maji aliyamwaga. Ni hilo tu ninalolijua.

Nilirudi nikafungua kitabu chako sehemu ya mwisho. Mji hukuutaja, nashukuru. Lakini umeandika reli, na cherehani, na mlango wa buluu, na treni inayopiga honi saa tisa mchana ukiwa unakunja nguo za watu. Claudia, mtu mwenye subira atauliza stesheni kwa stesheni. Nikazichana karatasi nne za mwisho nikazificha ndani ya chungu cha mbegu za mtama. Kwa nini sikuzichoma? Kwa sababu ni mwandiko wa akili yako, na hapo ndipo ulipofika salama. Nilishindwa kupachoma.

Darasani nikasema mchwa wamekula mwisho wa kitabu. Watu wakanung'unika, na mimi kwa kutaka kuwatuliza nikafanya kosa la mwalimu. Niliwapa kazi ya nyumbani. Kila mtu aandike mwenyewe mwisho wa hadithi, mistari mitano, kwenye daftari.

Nilizikusanya Ijumaa. Bibi Stamili ameandika kwamba mwanamke alivuka mto akabeba risasi za wapigania uhuru, akapewa cheo. Justa amemwoza kwa mpishi wa maandazi. Wengine wamemrudisha nyumbani na mume amekuwa kondoo. Nilikuwa nacheka peke yangu mpaka nikafika daftari la Pancras. Herufi zake ni kubwa, zimesimama wima. Nakunakilia yote:

"Mwanamke yuko hai. Anashona. Mlango wake ni wa buluu. Dada yake anamwandikia. Mume wake sasa anajua kusoma."

Nilikwenda kwenye chungu. Karatasi zilikuwepo, zote nne, zimekunjwa kama nilivyozikunja, na mtama juu yake. Chini ya kila neno kulikuwa na kinukta cha mkaa, mpaka neno la mwisho.

Ameingia lini nyumbani kwangu, sijui. Mama hutoka nje kuota jua, mlango hatuufungi, ni kijiji. Nimezichoma sasa, nimechelewa. Jana nilimrudishia daftari lake na alama kamili, kwa sababu hakuwa na kosa hata moja. Alinishukuru. Alitabasamu kama mtoto.

Ninaogopa, mdogo wangu. Mambo yote haya nimeyasababisha kwa kupenda kusikia sifa zako zikisemwa kwa midomo ya watu wasiokujua. Ninakuomba uuache mlango huo. Usiupake rangi nyingine, hama kabisa, na usishone tena karibu na stesheni. Mletaji wa barua hii ni Sista Yuliana, muuguzi wa Ndanda, anayekwenda kwao likizo na atapita hapo kwako. Nimempa mkononi kwa sababu posta haifai tena. January amefurahishwa na maendeleo ya Pancras, akampa kazi. Mfuko wa barua ukifika ofisini, yeye ndiye anayesoma majina kwa sauti na kuwagawia watu. Alipewa Jumatatu. Nilimwona akiinua bahasha moja juani, anausoma muhuri wa mji ilikotoka, na mkaa wake mkononi.

Kwa hiyo usinijibu. Hata kwa jina lingine, hata kwa mkono wa mtu. Mwaka wa sitini na nane nilikaa matangani kwako siku tatu nikijilazimisha kulia, na wanawake wakanisifu kwa uchungu wangu. Safari hii sitahitaji kujilazimisha.

Mama angekusalimu kama angejua. Bibi Stamili na Justa wanakusalimu bila kujua, kwa vibuyu vyao. Mimi nami nitaweka changu, si kwenye kona ile, bali ndani, nyuma ya mlango wangu, na kila asubuhi nitakikuta kimejaa. Hapo nitajua hukupita, hujawa mmoja wa mahoka.

Mungu akufiche kama alivyokuficha mara ya kwanza, na akupe watu wema kila unaposhukia. Soma mara mbili, kisha ichome yote, hata pembe zake.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda kuliko ninavyotamani kusikia habari zako,

Severina