Kadi Yangu ya Kura Uliyompa Ajenti

Kitale,
Jumapili, baada ya kanisa.

Baba mpendwa,

Mulembe. Natumaini umeamka vizuri, na ule mguu wa Mama umeacha kufura. Je, ng'ombe amezaa? Huku sisi ni wazima. Wafula ameota meno mawili na anauma kila kitu, hata kamba za viatu vya baba yake. Baba Wafula bado anabeba magunia kule ghalani, na mimi napalilia kwa shamba la mbegu siku tatu kwa wiki. Chakula hatukosi, tunashukuru Mungu.

Sasa Baba, nisikilize, maana nimekasirika hata kalamu inatoboa karatasi. Sikutaka kupiga simu pale dukani, watu wote wakae kimya wasikilize mambo ya boma letu.

Ijumaa nilienda sokoni kununua vitunguu, nikampata jirani yetu Mama Tekla, amefika na mzigo wake kutoka Chwele. Nikafurahi. Nikamwambia, "Tutaonana huko siku ya kura. Nakuja na mtoto mgongoni."

Akaniangalia. "Utapiga na kadi gani, wewe?"

"Si ile yangu, iko kwa sanduku la Mama."

Alicheka mpaka akashika tumbo. "Sanduku gani, bana! Mzee alitoa yako na ya mama yako, akapatia ajenti wa mheshimiwa mbunge. Ati zitunzwe zisiibiwe. Yake iko mfukoni. Sasa amewekwa kwa kamati ya kampeni, amepewa kofia na kiti cha mbele. Siku hizi tukimsalimia anaitikia polepole kama chifu."

"Na Mama amesema nini?"

"Mama yako atasema nini na hajui? Yeye anafikiria ziko hapo chini ya cheti chako cha darasa la nane."

Nikamuuliza kwa nini yangu, mimi niko mbali hivi. Akasema ulijibu watu pale dukani, ati, "Huyo ameolewa. Akapige kura kwa bwana yake."

Baba, ni kweli nimeolewa, na ng'ombe ulipokea. Lakini jina langu kwa rejista halikuolewa. Liko pale shule ya msingi, mahali nilijiandikisha na kidole changu, na bila kadi karani hatanipa karatasi. Wewe unajua. Na unajua kadi zikiingia kwa mfuko wa ajenti hazirudi.

Kama ungekuwa mtu asiyejua mambo ya kura, ningenyamaza. Lakini nilikuwa mdogo mwaka ule wa kura ya mlolongo, watu wakipanga laini nyuma ya mgombea wao, nimeshika leso ya Mama uwanjani. Wewe na Mama mlikuwa kwa laini ndefu, imefika mpaka kwa mti wa msalaba wa kanisa. Laini ile ingine ilikuwa ya watu wachache, hata mimi mtoto ningewahesabu. Halafu afisa akasimama juu ya meza akatangaza laini fupi ndiyo imeshinda. Ulikataa ugali siku mbili. Ulituambia, "Wamenifanya nisiwe mtu." Hayo maneno ni yako, Baba. Sasa nani amenifanya nisiwe mtu?

Hebu angalia ile zahanati yetu. Mwaka huo wa mlolongo ndio walichimba msingi. Vyama vingi vilipokuja, jimbo letu likapigia upinzani, kuta zikafika kwa madirisha zikasimama. Uchaguzi uliofuata lori la serikali likaleta mabati wiki ya kampeni. Debe letu lilipohesabiwa likawakataa, lori likarudi, likapakia mabati yote mbele ya macho yetu. Halafu huu wa mwisho, mimi nikipiga mara yangu ya kwanza, upinzani ulishinda, tukaimba njia yote kurudi nyumbani. Tulisema serikali sasa ni yetu. Nilikataa kuosha ule wino kwa kidole. Sasa miaka imeisha, na ndani ya hizo kuta mbuzi ndio wanalala.

Nilipokuja kujifungulia nyumbani, Wafula alizaliwa wapi? Kando ya njia, mvua ikinyesha, juu ya koti la nesi wetu mstaafu. Ni yeye alikimbia na tochi, wala si mheshimiwa. Na huyo nesi ndiye anasimama ubunge safari hii, mwanamke wa kwanza kwa jimbo letu. Ndiyo maana ajenti anazunguka akitafuta kadi za akina mama. Hakuomba yako, Baba. Hukujiuliza kwa nini?

Mimi bado naamini. Baba Wafula ananicheka, anasema huko kwetu tunapiga kura kama watu wanaopanda mahindi juu ya mwamba. Namwambia nyamaza, mwaka huu utaona.

Kwa hivyo nakuja Jumamosi. Nataka uende kwa ajenti kabla nifike, urudishe kadi mbili. Ukishindwa, tutaenda pamoja, mimi na mtoto na wewe na hiyo kofia. Akikataa, siku ya kura nitapanga laini bila kadi tangu asubuhi. Nikifika mbele ya karani, utasimama kando yangu useme mwenyewe, watu wakisikia, kadi yangu ilienda wapi. Sitakutukana. Mimi ni mtoto wako na ninakupenda. Lakini utasema.

Nisalimie Kukhu, nyanya yetu, umwambie shali yake nimeipata. Nisalimie shangazi anayeuza maziwa Kamukuywa, na mwalimu wa kwaya, na huyu Mama Tekla aliyekuletea barua, usimgombeze.

Mama nimemwachia mwisho. Kwa vile hajui kusoma, mketishe chini umsomee barua hii yote, kutoka mwanzo, usiruke mahali. Jumamosi nitamuuliza nilisema nini.

Ni mimi binti yako,
Nekesa, mama Wafula.