Nyongeza ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Mkuu kagawa maduka ya kukagua mizani. Mtaa wetu nimepewa mimi! Nikamwambia kwa heshima zote kwamba duka la nafaka pale ni la mama mkwe wangu. Akajibu kuwa sheria ya kumlinda mlaji haina mkwe. Yeye wakwe zake wako mbali.

Jumanne, 5 Machi
Nimekwenda. Nimeamkia, nimeulizwa habari za wajukuu, ndipo nikatoa jiwe langu la kilo moja. Mizani ya mama ikasoma kilo moja na gramu mia. Yaani kila mteja anapunjwa. Miaka kumi na minane ya duka hili! Aibu nimeona mimi, yeye wala.

"Baba, hao wote nawaongeza," akasema.

Kweli. Kila kilo, kiganja kimoja juu, na mtaa mzima unamsifu. Nikamwomba kiganja, nikakipima kwa mizani ya ofisi. Gramu mia. Mara tatu — gramu mia! Muhuri ungepigwa kwenye ule mkono. Mizani nimeichukua. Kumfungia duka nimeshindwa, nimeandika onyo.

Jumatano, 6 Machi
Mke wangu hasemi nami. Chai nimejipikia.

Jumatatu, 11 Machi
Mama ana mizani mpya, ina muhuri wangu. Kilo ni kilo. Nyongeza kafuta, anawaambia wateja ni sheria. Sheria haijakataza! Ila akiongeza sasa, anakula mtaji wake.

Alhamisi, 14 Machi
Malalamiko ofisini, saini arobaini: mama kawa bahili, anawapunja. Nimekwenda dukani, nimepima mbele yao, jasho linanitoka. Wanapata kile kile! Fundi viatu, mmoja wa waliosaini, kanisikiliza mpaka mwisho.

"Zamani tulikuwa tunapewa," akasema. "Sasa tunauziwa."

Wamehamia duka la ng'ambo ya barabara, ambako nyongeza bado ipo. Lile si la mtaa wangu, na halijakaguliwa. Mama kahudumia watu watatu tangu asubuhi.

Ijumaa, 15 Machi
Mkuu kaniachia barua yao niijibu. Wanaomba mama arudishiwe mizani ya zamani. Wakiendelea kumsusa, mwezi huu hauishi duka likiwa wazi. Duka nililolionea huruma linakufa kwa kufuata sheria, na muhuri ni wangu.

Nimekuja na barua nyumbani. Nimeandika "Ndugu wateja," nikakwama. Mke wangu kaja akasimama nyuma yangu, akaomba kuiona ile ya wateja. Maneno yake ya kwanza kwa siku tisa! Kaisoma mpaka kwenye zile saini. Sasa ananiomba kalamu, aongeze ya arobaini na moja.