Blanketi Lisilo na Moto Wake

Dada Riziki,

Nakuandikia asubuhi hii nikiwa ndani ya hema, palepale Greenbelt, kwenye uwanja wa kupigia kambi, vidole vimekufa ganzi na kalamu inagoma. Ndiyo, nimekuja peke yangu. Ungekuwepo ungenicheka, maana mimi ndiye niliyeapa kwamba hemani silali tena mpaka Yesu arudi.

Nimekuja na blanketi lako la manyoya ya bata. Nilitaka kujua jambo moja tu, kama bado lina joto, kwa sababu akina mama wa kanisa walilifua.

Subiri nikueleze, usikasirike. Au kasirika, hata mimi nilikasirika. Tulipotoka kukuzika tulikuta Mama Zawadi na wenzake wameshavua kila kitu kitandani kwako na kukishusha kwenye mashine za kufulia za jengo letu. Kwetu vitu vya marehemu hufuliwa, najua. Lakini blanketi walilipiga maji ya moto na ile sabuni kali ya kufulia sare za kazi. Lilipotoka lilikuwa mfuko mwembamba wenye madonge, kama ugali uliopikwa na mtu anayeongea na simu. Harufu ya dawa yako ya kuchua mgongo ilikuwa imekwenda na maji. Nilimfokea Mama Zawadi mbele za watu. Akanishika mikono tu, akasema, "Mwana yangu, tuko tunakusaidia." Sikutaka kusaidiwa na mtu.

Siku zote za matanga nilikuwa nikitoka kazini kwa wazee ninaowauguza, nalitia kwenye mashine ya kukaushia pamoja na mipira ya tenisi ili iyapigepige manyoya yaachane, kisha nakaa kwenye kochi nikivunja madonge kwa vidole. Wageni walidhani nasali. Nikawaacha wadhani hivyo.

Unakumbuka ulivyolileta? Ugonjwa ulikuwa umeingia mifupani, hata shuka mbili zilikuelemea. Wewe, uliyetandika vitanda vya hoteli kule kwetu Alexandria miaka na miaka, ukigeuza magodoro peke yako. Ulitoa kitu kwenye kifuko kidogo kama mkate, ukakiweka mezani, kikaanza kuumuka chenyewe kama donge la mandazi. Halafu ukasema unataka kulala nacho nje, kwenye baridi, kabla hujafa. Ulilitamka neno hilo wazi kabisa, nami nikajifanya naosha vyombo.

Sisi tulizijua hema kabla ya kujua nyumba. Turubai la kambi ya wakimbizi, mvua, watu watano na blanketi moja lililoloa. Nikakuuliza ni mwendawazimu gani anayelala hemani kwa hiari yake.

"Safari hii hatukukimbizwa na mutu," ulisema. "Tunalala inje ju tunapenda."

Nikaenda kukutafutia soksi nzito, dada.

Basi tukaja hapa kwa kuwa ni karibu, na garini hukuweza kukaa muda mrefu. Magari ya barabara kuu yalinguruma nyuma ya miti kama yanavyonguruma sasa. Ukanifundisha. Hili halina upande wa chini, unalala juu ya godoro la upepo, kwa sababu manyoya yakilaliwa hayana kazi tena. Miguu inaingia kwenye mfuko wake, kamba inafungwa shingoni. Nikakufunika hivyo hivyo. Lakini unanijua. Nikakitazama kile kitu chepesi, nikaona ni mzaha mtupu, nikakutandazia juu yake lile blanketi letu zito lenye picha ya simba. Si muda ukaanza kutetemeka.

"Toa huyu simba, iko nakula moto yangu!"

Tulicheka mpaka mbavu zikakuuma, na zako zilikuwa zinauma kweli, tukalazimika kuacha. Ukanieleza kwamba uzito unayaponda manyoya, na hewa iliyo katikati yake ndiyo inayolinda joto la mtu mwenyewe. "Hii haina moto yake, Faida. Weye njo moto. Yenyewe inachunga tu."

Tukapanga kwamba baridi ikirudi, turudi. Hukuifikia.

Kuna jambo sijamsimulia mtu. Asubuhi uliyoondoka nilikuletea chai. Blanketi lilikuwa limeumuka vizuri juu yako, halijabanwa na chochote, kamba imefungwa shingoni kama ulivyotaka. Nikasema moyoni, leo angalau amelala. Nikaingiza mkono chini yake. Kazi yangu ni kushika miili ya wagonjwa, sikuhitaji mtu wa kuniambia. Lakini sikumwita yeyote. Niliweka kikombe chini, nikapanda kitandani, nikajilaza kando yako ndani ya blanketi, nikasubiri. Nilidhani nikikaa vya kutosha joto litashika. Likashika upande wangu tu.

Ndiyo maana nimekuja. Nilijua ni upuuzi, wala usinitazame hivyo. Nilifikiri labda joto lako hawakuliosha lote, labda kule ndani kabisa, kwenye manyoya, kulikuwa kumebaki kidogo. Jana usiku nikajifunga kamba, nikalala.

Asubuhi hii maji ya chupani yameganda na hema imekuwa nyeupe kwa umande wa barafu. Sehemu mbili tatu bado zina madonge, na hapo baridi inapenya. Kwingine kote nilikuwa na joto, kuanzia shingo hadi nyayo, joto zuri kabisa, dada. Nililia kwa hasira. Nilikuja kutafuta lako, nikakuta langu.

Jumapili nitamwendea Mama Zawadi nimwombe radhi. Joto lako hakulifua yeye; halikuwepo tena.

Lala salama, dada yangu mkubwa. Hapo ulipo wasikuwekee kitu kizito. Simba nimemwacha nyumbani, na hatakuja huku tena. Kila baridi itakapoingia nitarudi kama tulivyopanga, nitajifunga kamba shingoni, nami nitalala upande wangu. Ule wako, hata ukiwa barafu, sitausogelea.

Mdogo wako,
Faida