Mize Kafunga Mikono

Ng'ambo, Unguja
Ijumaa, baada ya sala

Shikamoo Mama,

Pokea shikamoo hii kana kwamba nimekaa nawe hapo Wete. Kikohozi kimepoa? Sisi huku wazima, Alhamdulillahi, ila upweke unanila. Mwezi mzima sina wa kuzungumza naye ila Mize, na mjukuu wako unamjua, hasemi. Kwenye foleni ya mchele wanakicheka Kipemba changu, basi siku hizi nnanyoosha kidole tu.

Nikupe habari za hospitali. Daktari ni mgeni, mtu mpole. Anasema maradhi ya Mize ni ya kuzaliwa nayo, yamo katika damu ya ukoo, na ni adimu. Si shetani wala kijicho. Nilipomwambia marehemu kaka yake Mize naye alikuwa hivi hivi, aliliandika hilo. Kisha akasema lazima ampime viungo. Akimwona hana anachokiweza ataturudisha Pemba, maana nafasi za mazoezi ni chache.

Jumatatu akampima. Akampa vipande vya mbao avipange, vikaanguka. Akampa shanga, hakuzishika. Akapiga makofi ili naye akutanishe mikono. Mize akamtazama tu, mikono inaning'inia. Mimi nataka kumsaidia, naambiwa nisimguse. Mwisho akatandika mkeka mwembamba sakafuni, aone anavyotembea. Mize akasita ukingoni. Akavua kandambili, akasimama. Daktari anamwita, "Njoo, njoo," yeye hatikisiki. Nikaona kalamu inaandika, nikajua tumekwisha.

Wallahi Mama, ndipo akafunga mikono kifuani. Wa kulia juu ya wa kushoto, inatetemeka, lakini kaifunga. Akainama. Akashuka mpaka paji la uso likagusa mkeka. Daktari akadhani kaanguka, akataka kumwinua. Bi Salma, muuguzi wetu, akamzuia.

"Mwache, daktari. Kaona mkeka, anasali."

Akainuka mwenyewe. Daktari akaiweka kalamu chini, akauliza nani kamfundisha. Nikasema bibi yake. Na wewe hukumfundisha, sote tulisema hafundishiki. Ulikuwa ukimkalisha tu pembeni ya msala wako ukisali, asikae peke yake.

Nafasi tumepata. Ataanza mazoezi wiki ijayo, na hatutarudi mpaka mwaka upite, pengine zaidi. Nimefurahi na nimelia, usiniulize kipi kilitangulia.

Nisalimie dada yangu na wanawe, baba mdogo, na mwalimu wa chuo cha Kurani. Shemeji anayekusomea asome polepole, asiruke mahali.

Neno moja limebaki. Jana magharibi nilitandika msala wangu, nikamweka Mize ubavuni. Hakufunga mikono. Alikaa akiutazama mlango mpaka nikatoa salamu. Nikamwambia bibi hayupo, yuko Pemba. Akaendelea kuutazama. Njoo, Mama, mimi peke yangu simtoshi.

Mwanao,
Asha