Kituo Kimoja kwa Mwaka Mzima

Jumatatu, 1 Novemba 1999
Saa moja kasoro. Mwanangu Rehema amekunywa kidonge chake cha kifafa na uji. Siku ya hamsini na tatu bila kuanguka. Nimeandika kwenye karatasi ya ukutani, nimeandika na hapa.

Ruhusa yangu ya kutibiwa na Shirika la Reli iliisha jana. Nilipopunguzwa kazini mwezi wa sita walituachia matibabu hadi mwisho wa Oktoba. Miaka kumi na minne nilikuwa karani wa stesheni kule Itigi na sikuwahi kujiuliza dawa inatoka wapi. Unaonyesha kitambulisho, unapewa. Sasa niko kijijini kwa wakwe zangu Wagogo, mimi Mnyiramba mwenye masanduku mawili na meza moja. Wamenipokea vizuri. Hilo lazima niliandike.

Vidonge vya Rehema vimebaki vya wiki tano.

Jumatano, 3 Novemba
Mkutano ofisi ya kijiji. Mfuko wa afya umefika huku. Kaya inachangia mara moja kwa mwaka, inapewa kadi, na inachagua kituo kimoja cha kutibiwa. Kimoja tu. Sisi tunavyo viwili vya kuchagua: zahanati ya hapa kijijini, au kituo cha misheni mlimani, ng'ambo ya mto. Ukishachagua hubadili mpaka mwaka uishe, labda kamati ya kata ikukubalie. Mwisho wa kujiandikisha ni Jumatatu tarehe 15.

Mzee mmoja aliuliza mwenye wake wawili anahitaji kadi ngapi. Karani akasema kila mke na kadi yake. Mzee akakaa chini. "Basi kuugua ni nafuu kuliko kuoa." Mwanamke nyuma yake akamjibu, "Na hilo umeligundua leo?" Watu walicheka mpaka karani akapoteza ukurasa.

Baadaye akaeleza habari za barua za rufaa. Sikumfuata sana. Nilikuwa nachora safu mbili kwenye daftari: Zahanati, Mlimani. Nitakwenda kuona kote kabla ya kuamua.

Jumamosi, 6 Novemba
Zahanati. Dakika nane kwa miguu. Nesi Monika alinifungulia kabati nikaangalia mwenyewe. Sanduku la dawa hutoka wilayani kila mwezi. Vidonge vya kifafa miezi mingine vimo, miezi mingine havimo. Leo havimo.

"Sitakudanganya, Baba Rehema. Kwa malaria, kuhara na vidonda, njoo kwangu. Hicho chako siwezi kukuahidi."

Mwanamke mkweli. Nimeandika.

Jumanne, 9 Novemba
Nimetoka saa kumi na moja alfajiri, nimefika mlimani saa mbili kasoro robo. Mto ni mchanga mtupu. Hatua mia mbili na kumi kutoka ukingo hadi ukingo. Wanawake wanachimba maji katikati yake na ng'ombe wamesimama wakisubiri zamu.

Kituo ni kisafi. Kliniki ya kifafa ni Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi. Kabati limejaa. Tabibu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi aliniuliza habari za Rehema kama mtu anayemfahamu: anaanguka saa ngapi, analia kabla au baada, alishaungua? Nikamwambia mkono wa kushoto, mwaka juzi, alipoangukia mafiga. Siku ile vidonge vilikuwa vimekatika kwa wiki moja tu, tukiwa safarini. Akatikisa kichwa, akasema, "Usiache tena vikatike hata siku moja."

Nimerudi na miguu inauma na moyo mwepesi. Naona jibu ni hili.

Alhamisi, 11 Novemba
Mke wangu ameniletea neno la mama yake. Mama na mimi hatuzungumzi, kama inavyopasa mtu na mkwewe. Nikiingia uani nakohoa kwanza. Yeye anageuza uso, mimi napita upande wa zizi. Salamu zinapitia kwa mke wangu, na za kurudi vilevile.

Neno lenyewe fupi: "Mama anasema, mto."

Nikauliza, mto umefanya nini? Mke wangu akasema Mama alisema mengi lakini kwa ufupi ndiyo hayo, unajaa. Nikamjibu kuwa nimeuvuka mwenyewe na viatu havikulowa. Wote wanazungumzia mvua kubwa za mwaka juzi. Mvua kama zile haziji kila mwaka.

Sikumtuma arudi kuuliza zaidi. Kwa kumpelekapeleka mke wangu kwa mama yake na maswali yangu ningeonekana nabishana na mkwe.

Jumatatu, 15 Novemba
Nimejiandikisha. Baba, mama, mtoto mmoja. Kituo: Mlimani. Kadi ni ya kijani na ina muhuri. Rehema ameishika kwa mikono miwili kama cheti cha shule. Usiku huu nitalala.

Jumatatu, 6 Desemba
Kliniki ya kwanza. Mvua zimeanza. Mtoni maji ya vifundoni, mekundu, Rehema akacheka akayapiga teke. Tumepata vidonge vya wiki nne na viwili vya akiba. Tabibu alimpa mkono kwanza mtoto, kisha mimi.

Siku ya themanini na nane. Asante Mungu.

Jumamosi, 1 Januari 2000
Waliosema dunia itakwisha jana wameamka wakakuta ng'ombe wanataka kukamuliwa.

Mvua siku ya nne mfululizo. Reli imesombwa upande wa Manyoni. Treni haijapita tangu Alhamisi. Nilikwenda stesheni ya jirani kusikia tu. Kijana wa zamu aliniita mkubwa. Hajui kuwa sina kazi.

Jumatatu, 3 Januari
Siku ya kliniki. Mimi na Rehema tulifika mtoni saa moja asubuhi.

Hakuna mchanga. Hakuna ukingo. Maji ya rangi ya matofali kutoka vichaka vya huku mpaka vichaka vya kule, na mti mzima na mizizi yake ukipita katikati. Rehema aliuliza tunapita wapi. Nilisimama na kadi ya kijani mfukoni, ndani ya mfuko wa nailoni, nimeifunga vizuri isilowe.

Niliuchagua mto wa Novemba. Wao walikuwa wanaujua wa Januari.

Mchana zahanati. Nesi Monika hata kadi hakuiangalia. Alisema angenipa hata kama sina kadi, lakini kabati tupu, na gari la dawa limekwama njiani. Kisha akanieleza polepole. Aliyejiandikisha kwake anaweza kuandikiwa barua ya rufaa kwenda mlimani, na kwa barua hiyo wanatoa dawa za miezi mitatu kwa mara moja, ili zitoshe mpaka masika yapite. Wenye wagonjwa wa kifafa hapa kijijini wote wamefanya hivyo mwezi wa kumi na moja. Karani alilisema mkutanoni.

Nilitaka anigombeze. Hakunigombeza. Alinipa kiti.

Vidonge viwili vimebaki, na vya wenzetu haviazimwi, vimehesabiwa kwa siku. Kesho na keshokutwa.

Jumanne, 4 Januari
Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Asubuhi mke wangu alimweleza mama yake. Mama yuko kwenye mfungo wa Ramadhani, hajanywa hata maji. Alijifunga kanga ya pili, akachukua fimbo akashika njia ya mtoni. Mke wangu alibaki na Rehema. Mimi nikafuata nyuma kwa mbali, kama hatua hamsini, maana sikuweza kumwacha mama mtu mzima aende mtoni peke yake, na sikuweza kutembea naye.

Mdogo wake, Mjomba Saidi, anakaa ng'ambo. Mama alipanda kichuguu, akaweka kiganja mdomoni akaita. Kwa Kigogo, neno moja, refu, sauti ambayo sikujua kuwa anayo. Akanyamaza. Akaita tena. Karibu nusu saa. Nilikuwa nimeinamisha kichwa upande wangu.

Mtu mwenye mbuzi akatokea kule na kuitika. Akakimbia. Baada ya muda akaja Mjomba Saidi mwenyewe, kwa umbali ule mdogo kama kijiti.

Mama akaanza kumweleza. Akafika mahali akakwama. Akageuka. Hapakuwa na mtu mwingine wa kumtuma. Akaniangalia usoni.

"Baba Rehema! Hicho kidonge kinaitwaje?"

Nikalitaja jina. Akajaribu kulipaza, likamshinda, akajaribu tena. Ng'ambo Mjomba akapiga kelele, "Nini?" Mama akasema, "Njoo hapa useme mwenyewe, mtoto anaumwa wewe umesimama huko kama mgeni!"

Nikapanda kichuguu. Nikasimama ubavuni pa mkwe wangu na kupiga kelele jina la dawa, jina la mtoto, namba ya kadi tarakimu moja moja. Kila tarakimu Mama alirudia kwa Kigogo. Mjomba akairudisha. Tulipokosea tulianza upya. Namba ina tarakimu saba. Sauti imenikauka mpaka sasa.

Mjomba akainua mkono, akaelekea mlimani.

Tulirudi kama tulivyokwenda, yeye mbele, mimi hatua hamsini nyuma.

Jumatano, 5 Januari
Kidonge cha mwisho. Mvua.

Alhamisi, 6 Januari
Asubuhi hakuna kidonge. Mke wangu alizima moto wa ndani na kutoa mafiga nje kabisa ya ua. Mkeka uani, Rehema juu yake.

Saa nne na dakika kumi akaanguka. Dakika tatu. Nilimlaza ubavu, mke wangu alishika kichwa. Hakuumia, hakuungua. Alipoamka aliuliza kama Mjomba amekuja.

Siku mia moja na kumi na nane zimeishia hapo. Kosa ni langu. Naliandika ili nisije nikajidanganya baadaye.

Alasiri nilikuwa ukingoni. Maji yamepungua kidogo, lakini bado ni ya kumzidi mtu. Mjomba Saidi aliingiza dume lake jeusi la ng'ombe, akashika mkia. Pembe, kichwa cha mzee, pembe. Walisukumwa mbali sana na mkondo, nikakimbia sambamba nao kwenye vichaka, napiga kelele zisizo na maana. Wakatokea kwenye kona ya mto. Mzee akakaa kwenye tope, akatema maji, akasema, "Ng'ombe huyu msimwambie mtu anauzwa."

Shingoni alikuwa na kibuyu kidogo kilichozibwa kwa nta. Ndani kavu kabisa. Vidonge vya miezi miwili, na karatasi ya tabibu: mwanzishe leo hii, usisubiri kesho.

Rehema amekunywa saa kumi na moja na robo.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Mjomba Saidi. Namshukuru tabibu aliyempa dawa mzee asiye na kadi kwa kuamini namba iliyovuka mto kwa sauti. Namshukuru dume jeusi, na sioni aibu kuliandika.

Jumamosi, 8 Januari
Idi. Rehema yuko vizuri, amevaa gauni jipya. Mjomba Saidi bado yuko hapa, anasimulia kuvuka kwake, na kila akisimulia mto unakuwa mpana zaidi.

Mama amerudi kunigeuzia uso. Nimekohoa, amegeuka, nimepita upande wa zizi. Lakini pilau yangu ilipoletwa, ilikuwa na nyama mara mbili ya ile ya Mjomba. Mjomba ameona na amelalamika kwa sauti kubwa.

Ijumaa, 14 Januari
Kamati ya kata. Niliomba kubadili kituo. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya kurasa mbili. Mwenyekiti alisoma mistari mitatu akauliza, "Wewe bwana, kwenu Iramba mto ukikauka mnausahau jina?" Wajumbe wakacheka. Nikacheka nao. Nikawaambia nilipima njia kwa hatua na kwa saa, na sikupima kwa miezi, na nyumbani kwangu alikuwepo mtu aliyeijua nami sikumuuliza mara mbili.

Mzee mmoja akasema, "Mkwe?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Hapo pagumu."

Wamekubali bila kupiga kura.

Jumanne, 1 Februari
Kadi mpya imetoka. Kituo: zahanati ya hapa. Nesi Monika ameandika barua ya rufaa ya mlimani ya miezi mitatu. Mto umeshuka hadi magotini na Jumatatu ijayo tutavuka na Mjomba akiwa ukingoni. Rehema ana siku ishirini na sita.

Karani aliuliza kama kuna mzazi anayekaa nasi. Anaruhusiwa kuingia kwenye kadi hiyohiyo. Novemba sikumtaja kwa sababu ya heshima. Jina la mkwe halipandi mdomoni kwangu, na miaka yote hii sikuwahi kulitamka. Safari hii nilimwomba karani kalamu.

Mke wangu alinitajia, kwa sauti ndogo, herufi kwa herufi. Nimeliandika mimi mwenyewe, chini ya jina la Rehema, mwandiko wangu wa stesheni, wazi, bila kukata. Nimekaa nimeliangalia mpaka wino ukakauka. Ni jina zuri.